Mbwa Mlinzi wa Anatolia na Gharama ya Mwili Mkubwa

Katika nyanda za juu za Uturuki ya kati, mkoani Sivas, iko wilaya iitwayo Kangal. Majira ya baridi huko ni makali, theluji hulala ardhini kwa miezi, na mbwa-mwitu hushuka kutoka milimani kutafuta kondoo. Kwa karne nyingi wachungaji wa huko wamefuga mbwa mkubwa mwenye rangi ya mchanga, uso na masikio meusi, ambaye humwita Kangal kwa jina la wilaya yao. Katika nchi za Magharibi mbwa huyo, pamoja na ndugu zake wa sehemu za jirani, hujulikana kama mbwa mchungaji wa Anatolia. Jina hilo lapotosha kidogo, kwani mbwa huyu hachungi: haswagi kondoo wala hawakusanyi. Kazi yake ni kulala kati yao, kutembea nao, na kusimama baina yao na adui.

Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 50 hadi 65, na kimo chake begani hukaribia sentimeta 80. Mbwa wetu wa kawaida wa vijijini ni nadra kufikia nusu ya uzito huo. Kwa mchungaji, ukubwa huo ndio thamani yenyewe ya mnyama, maana mbwa-mwitu akimwona husita, na aghalabu hugeuka bila kupigana. Lakini mwili wa namna hiyo haupatikani bure. Maradhi mengi yampatayo mbwa huyu, tukiyachunguza moja moja, yaturudisha kwenye chanzo kile kile: ukubwa wa mwili, na kasi ambayo kwayo ukubwa huo hupatikana. Mwalimu wa baiolojia atakuta humu mambo ya urithi na lishe. Na mwalimu wa fizikia, tunaamini, naye hatarudi mikono mitupu.

Hesabu ya Galileo

Mwaka 1638 mtaalamu wa Kiitalia, Galileo Galilei, alichapa kitabu ambamo alieleza kwa nini mnyama hawezi kukuzwa tu kama picha inavyokuzwa. Tuchukue mbwa wawili wenye umbo moja kabisa, ila mmoja ana urefu, upana na kimo mara mbili ya mwenzake. Uzito wa yule mkubwa hautakuwa mara mbili, bali mara 8, kwa kuwa ujazo huongezeka kwa mchemraba wa urefu. Nguvu ya mfupa ya kustahimili mzigo, kwa upande mwingine, hutegemea eneo la mkato wake, nalo limeongezeka mara 4 tu. Kila sentimeta ya mraba ya mfupa wa mbwa mkubwa, basi, itabeba mzigo mara mbili ya ule unaobebwa na mfupa wa mdogo. Maumbile hujaribu kufidia upungufu huo kwa kunenepesha mifupa, na ndiyo maana miguu ya Kangal ni minene hata kwa mtazamo wa macho. Lakini viungo, gegedu na kano hubaki zikifanya kazi karibu na kikomo cha uwezo wake.

Hesabu hiyo hiyo yahusu ngozi. Mnyama hupoteza joto kupitia uso wa mwili wake, na mnyama mkubwa ana uso mdogo kwa kila kilo ya mwili. Tukiongeza manyoya ya tabaka mbili yaliyokusudiwa kwa theluji ya Sivas, tutaelewa kwa nini mbwa huyu, jua likiwa kali, hujilaza kivulini na kukataa kukimbia. Si uvivu. Akilazimishwa aweza kufa kwa joto, ingawa usiku ule ule atakesha akilizunguka zizi.

Hata chakula na dawa hufuata kanuni ya namna hiyo. Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba nishati anayoitumia mnyama aliyetulia haiongezeki sawasawa na uzito wake, bali kwa uzito uliopandishwa kipeo cha robo tatu. Kwa mbwa, kilokalori za siku moja hukadiriwa kwa kuzidisha 70 kwa uzito wa kilo wenye kipeo cha 0.75. Mbwa wa kilo 6 atahitaji kama kilokalori 268. Mbwa wa kilo 60, aliye mzito mara 10, atahitaji kama 1,509, yaani mara 5.6 tu. Wanafunzi wenye kikokotoo na wahakikishe wenyewe. Sasa, wafugaji wa mbwa wa Anatolia wamesema kwa muda mrefu kwamba mbwa wao huzidiwa upesi na dawa ya usingizi itolewayo kabla ya upasuaji. Sehemu ya sifa hiyo yaweza kuelezwa na hesabu tuliyoifanya: ikiwa dawa itapimwa kwa kila kilo tu, bila kujali kwamba kilo ya mbwa mkubwa huitumia dawa polepole zaidi kuliko kilo ya mbwa mdogo, mkubwa atapewa zaidi ya anachostahili. Daktari mzoefu humpa kidogo kidogo huku akitazama.

Kukua mara mia kwa mwaka mmoja

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na uzito wa kilo 3 hivi, na huhitaji miaka 18 au zaidi ili aufikishe mara 20. Mtoto wa mbwa, yaani kilebu, wa uzao huu huzaliwa akiwa na nusu kilo, na baada ya mwaka mmoja aweza kuwa na kilo 50. Amekua mara mia moja katika muda ambao mtoto wetu hujifunza kutembea.

Siri ya kasi hiyo imo katika chembe za urithi na katika homoni. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba mbwa wa aina ndogo karibu wote hubeba umbo fulani la jeni inayotawala homoni ya ukuaji ifananayo na insulini, ilhali mbwa wakubwa wengi hawalibebi. Damu ya mbwa wakubwa huwa na homoni hiyo kwa wingi zaidi. Kwa muda ilidhaniwa kwamba udogo ulikuwa badiliko jipya lililotokea mikononi mwa binadamu. Mwaka 2022 ikadhihirika kwamba umbo hilo la udogo lilikuwamo tayari katika mwili wa mbwa-mwitu aliyeishi Siberia miaka zaidi ya 50,000 iliyopita, kabla ya mbwa wa kufugwa kuwapo. Binadamu, kwa hiyo, hakuumba tofauti hiyo. Aliikuta, akachagua.

Mfupa mrefu wa kilebu hukua kwenye miisho yake, mahali penye bamba la gegedu ambalo polepole hugeuka kuwa mfupa. Katika mbwa wadogo mabamba hayo hufunga mapema. Katika mbwa wa uzito wa Kangal mengine hubaki wazi hata kupita mwaka mmoja. Muda wote huo gegedu laini hubeba mwili ambao kila wiki ni mzito kuliko wiki iliyopita. Hapo ndipo lishe inapoingia, na hapo ndipo makosa mengi ya wafugaji hutendeka, tena kwa nia njema.

Mfugaji akimwona kilebu wake mkubwa, humlisha apate kuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio la kuwalisha vilebu wa Great Dane, uzao mwingine wa majitu, kundi moja likila litakavyo na jingine likipewa theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Walioshiba ndio walioharibika mifupa. Mwaka 1985 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakaonyesha kwamba hata madini ya chokaa yakizidi hudhuru. Mbwa mzima aweza kujizuia asifyonze chokaa nyingi kutoka utumboni, lakini kilebu mchanga hawezi vizuri. Hufyonza inayokuja, na ukuaji wa mifupa yake huvurugika. Unga wa mifupa unaoongezwa juu ya chakula kilichokwisha kamilika, kwa imani kwamba utaimarisha miguu, hufanya kinyume cha kusudi lake. Kwa upande mwingine, kilebu anayelishwa uji na nyama tupu, kama ilivyo kawaida katika nyumba nyingi za kwetu, hupungukiwa na chokaa. Mwili wake huinyang'anya mifupa ili damu isikose, na miguu hupinda au kuvunjika kwa kishindo kidogo. Kati ya hatari hizo mbili njia ni nyembamba, na mbwa mdogo huipita kwa urahisi kuliko mkubwa.

Nyonga

Maradhi yanayoogopwa zaidi na wafugaji wa mbwa wakubwa ni ulegevu wa nyonga. Kichwa cha fupa la paja hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga kama mchi ulivyo ndani ya kinu kilichochongwa kwa kipimo chake. Kilebu mwenye maradhi haya huzaliwa akiwa na nyonga zinazoonekana nzima. Lakini kano zinazofunga kiungo ni legevu, na katika miezi ya kwanza kichwa huanza kuchezacheza ndani ya kikombe. Kwa kuwa mifupa bado ni laini, kikombe hukua kikiwa bapa na kichwa hupoteza uviringo wake. Gegedu husagika, mfupa hugusana na mfupa, na mbwa wa miaka miwili huinuka kwa shida kama mzee.

Jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo, na ndiyo maana wazazi wazima waweza kuzaa kilebu mgonjwa. Hata hivyo urithi hauamui peke yake. Jaribio mashuhuri lilifanywa kwa vilebu 48 wa Labrador, mbwa ambaye si mlinzi wa mifugo lakini ana nyonga za matatizo yale yale. Walipangwa wawili wawili kutoka tumbo moja. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Walipopigwa picha ya eksirei wakiwa na miaka miwili, matokeo yaliyochapwa mwaka 1992 yalikuwa haya: kati ya 24 walioshiba, 16 walikuwa na nyonga legevu, kati ya 24 waliopunguziwa, 7 tu. Walikuwa ndugu, wenye urithi wa karibu sana. Uchunguzi uliendelea hadi wote walipokufa, na mwaka 2002 ikatangazwa kwamba waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Mtu akilikumbuka jaribio hilo atawatazama upya wachungaji wa Anatolia. Chakula cha kawaida cha mbwa wao ni unga wa shayiri uliokorogwa kwa maji ya moto, waitao kwa Kituruki "yal", pamoja na mabaki ya hapa na pale. Kilebu alikua polepole kwa sababu hapakuwa na cha kumharakisha. Aidha, mbwa aliyechechemea hakuweza kuandamana na kundi hadi malisho ya mlimani, na hivyo hakuacha uzao. Mchujo huo haukuwa na huruma, na hatuusifu. Lakini huenda ndio ulioweka nyonga za Kangal katika hali nzuri kuliko za majitu mengine yaliyofugwa kwa maonyesho. Uzao huo ulipohamia mijini na ng'ambo mchujo ulikoma, na ilipasa kitu kingine kichukue nafasi yake. Nchini Marekani iliundwa mwaka 1966 taasisi ya kusoma picha za eksirei za mbwa na kutoa hati. Mbwa hawapewi hati ya nyonga kabla ya kutimiza miezi 24. Anayenunua kilebu wa uzao mkubwa ana haki ya kuomba kuona hati za wazazi wote wawili, na muuzaji asiyekuwa nazo amekwisha jibu swali.

Tumbo linalojipinda

Ulegevu wa nyonga humtesa mbwa kwa miaka. Maradhi tunayoyageukia sasa humwua kwa saa chache. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini wana nafasi pana ambamo mfuko wa chakula huning'inia kwa kano zinazoweza kunyooka. Mfuko huo ukijaa hewa waweza kuzunguka, kama kikapu kinachozunguka kwenye kamba yake. Ukizunguka, mlango wa juu hufunga, na wa chini pia. Hewa haitoki, chakula hakishuki, na mfuko huvimba kama ngoma. Hatari kubwa, hata hivyo, haimo katika tumbo lenyewe bali katika mishipa. Tumbo lililovimba huibana mishipa mikubwa ya vena inayorudisha damu moyoni; moyo hukosa cha kusukuma, shinikizo la damu huanguka, na wakati huo huo kuta za mfuko, zikiwa zimenyimwa damu, huanza kufa.

Dalili zake kila afugaye mbwa mkubwa apaswa kuzijua kwa moyo: mbwa hataki kulala, hujaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu, mate humchuruzika, ubavu hutuna na ukigongwa hulia kama ngoma. Hakuna dawa ya nyumbani. Daktari hutoa hewa kwa mrija au sindano, kisha hupasua, huurudisha mfuko mahali pake na kuushona kwenye ukuta wa tumbo usizunguke tena. Ushonaji huo waweza kufanywa mapema, kabla ya maradhi, kwa mbwa ambaye ndugu zake walipatwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliofuatilia mbwa wengi wa aina kubwa walikuta kwamba umri, kula kwa pupa na kuwa na mzazi au ndugu aliyepatwa huongeza hatari. Walikuta pia jambo ambalo halikutarajiwa. Wafugaji walikuwa wamezoea kuweka bakuli juu ya kigoda, ili mbwa mrefu asiiname na kumeza hewa. Utafiti huo, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba bakuli la juu huambatana na hatari zaidi, wala si pungufu. Ni mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi wanaodhani kwamba wazo lenye kuingia akilini halina haja ya kupimwa.

Macho, mifupa na umri

Baadhi ya mbwa hawa huzaliwa na kope zinazogeukia ndani, hata nywele zikakwaruza jicho. Upasuaji mdogo huliondoa tatizo kwa mbwa mwenyewe lakini si kwa watoto wake, kwani jeni hazishonwi; asizalishwe.

Saratani ya mifupa huwapata mbwa wakubwa mara nyingi mno kuliko wadogo, na hupenda miguu, hasa karibu na bega, kifundo cha mkono na goti. Hizo ni sehemu ambazo mfupa ulikua kwa kasi kuliko kwingine na chembe zake ziligawanyika mara nyingi. Ishara ya kwanza ni kuchechemea tu, na kwa sababu mbwa wa kazi huteguka mara kwa mara, wiki hupotea kabla mtu hajashuku.

Wazee husema tembo huishi kuliko panya, na kweli katika jumla ya wanyama wakubwa huishi zaidi. Ndani ya jamii ya mbwa mambo yamepinduka. Uchunguzi wa mwaka 2013 uliohusu aina 74 za mbwa ulikadiria kwamba kila kilo 2 zinazoongezeka hupunguza umri kwa mwezi mmoja hivi, na sababu ni kwamba mbwa wakubwa huzeeka upesi zaidi. Mbwa wa Anatolia hutarajiwa kuishi miaka 10 hadi 13, umri mwema kwa uzito wake. Great Dane wengi hawaufikii.

Kutoka Sivas hadi kusini mwa Ikweta

Mbwa huyu ameletwa pia katika bara letu. Nchini Namibia wafugaji walikuwa wakiwaua duma kwa kulinda mbuzi na kondoo wao, na mwaka 1994 mfuko wa hifadhi ya duma nchini humo ulianza kuwagawia mbwa wa Anatolia. Panapo mbwa, mfugaji hupoteza mifugo michache na hana haja ya kumpiga duma risasi. Kati ya mwaka 1994 na 2002 waligawiwa mbwa 143, na watafiti waliandika sababu ya kila kifo walichoarifiwa. Msomaji aliyefuata maelezo yetu hadi hapa atatarajia nyonga na matumbo. La hasha. Sababu iliyoongoza ilikuwa ajali za shambani: vifo 22, na vyote vya mbwa wa miaka 3 au pungufu. Tumbo lililojipinda na saratani ni maradhi ya mbwa aliyefikia umri wa kuyapata. Mbwa wa kazi, mwenye ujasiri wa ujana, hufa kwanza kwa mengine.

Katika miaka ya 2010 uzao huu ulijaribiwa pia Tanzania, kwa wafugaji wa jirani na Hifadhi ya Ruaha. Huku kwetu mgeni huyu hukutana na maradhi ambayo Sivas haikumwandaa nayo. Mbung'o humwambukiza vijidudu vya nagana, ambavyo mbwa huvistahimili vibaya sana; homa hupanda, tezi huvimba, na jicho laweza kufunikwa na ukungu mweupe. Kupe huleta babesia, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu na kuufanya mkojo kuwa wa rangi ya kahawia. Wakaguliwe kila siku, hasa masikioni na baina ya vidole, ambako manyoya mazito huwaficha kupe wasionekane.

Chanjo zina uzito wa pekee kwa mbwa ambaye kazi yake ni kukabiliana na wanyama wa porini. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na wataalamu waliona kwamba chanzo kilikuwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa asiyechanjwa aweza kumwambukiza mnyama yule yule ambaye aliletwa ili asiuawe, na mwenyewe akapokea kichaa cha mbwa kutoka kwa fisi au bweha na kukirudisha nyumbani penye watoto. Sindano ya kichaa cha mbwa hutolewa kilebu atimizapo miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa vipindi atakavyoagiza daktari wa mifugo wa wilaya. Ile ya distempa huanza mapema zaidi, wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kilebu katika maziwa ya mama yake huizuia chanjo isishike mpaka kinga hiyo ipungue.